Muhuri Uliokuwa Mkobani Mwangu

Wasomaji wenzangu, nina miaka sitini na nane, mwalimu mstaafu, mjane, ninaishi na wajukuu wawili hapa Biharamulo nilikozaliwa. Presha ninayo, magoti ndiyo hayo tena. Lakini kinachoninyima raha si magoti. Ni muhuri wa shule... kijidude cha mpira chenye kishikio cha mti, kinachoingia kiganjani!

Mtasema bibi huyu amechanganyikiwa. Someni kwanza.

Enzi za vijiji vya ujamaa, nikiwa na miaka thelathini na moja, nilipewa ukuu wa shule moja ya msingi upande wa Ntobeye, wilaya ya Ngara. Mwanamke, tena kijana, tena Mzinza wa kuja, kuwaongoza Wahangaza kwao! Nilikitaka kile kiti, sifichi. Na nilipokipata nikaanza kumwogopa kila mtu.

Niliyemwogopa kuliko wote ni msaidizi wangu, Mwalimu Laurenti. Alikuwa mtu mzima, mwenyeji, aliyefundisha pale miaka mingi kabla yangu. Kila mtu alijua kiti kile kilikuwa chake. Asubuhi nilimwamkia shikamoo kama umri wake ulivyodai, naye akaitika, "Marahaba, mwalimu mkuu," huku akisimama. Jamani, mtu mzima kama yule anisimamie mimi kwa lipi? Nikajiambia, huyu ana lake jambo!

Alikuwa na daftari lenye jalada jekundu. Nikiingia ofisini, analifunga. Nikipita, yeye na walimu wengine wanazungumza Kihangaza, kisha wanacheka. Siku moja nikamwona amekaa na katibu wa chama wa kata kwenye pombe ya ndizi. Basi, nikaona mambo ni wazi. Daftari lile lilikuwa la makosa yangu, na katibu ndiye wa kuyapeleka mbele!

Vita vikaja. Magari yakachukuliwa kwenda mbele, mabasi yakawa ya kubahatisha, na vijijini mgambo wakawa wanamkagua kila mgeni. Katikati ya hayo ikaja barua kwamba walimu wakuu wapya tunatakiwa Mwanza, kozi ya uongozi wa shule, wiki sita.

Wiki sita! Nimwachie Laurenti kiti wiki sita? Na kwenda ni lazima.

Nilimkabidhi funguo za ofisi, za stoo na za kabati, mbele ya walimu wote, akatia sahihi. Lakini muhuri... muhuri niliufunga kwenye kitambaa na kuutia chini kabisa ya mkoba wangu. Bila muhuri, nilijiambia, ataandika barua gani ya kunichongea?

Kule kwenye kozi, wiki ya pili, mkufunzi alitufundisha kukaimisha madaraka. Akauliza ni nani amemwachia msaidizi wake kila kitu, muhuri pamoja. Nikanyoosha mkono. Haki ya Mungu nilinyoosha, na mkoba uko miguuni pangu! Akanisifia mbele ya darasa zima.

Wiki ya tatu dereva mmoja wa lori alinifuata chuoni na barua ya Laurenti. Aliandika kwamba majina ya waliochaguliwa kwenda sekondari yametoka, na binti yake Venansia yumo. Fomu yake ilitakiwa irudi kwa Afisa Elimu siku kumi zijazo, ikiwa na muhuri wa shule. Kabatini ametafuta, hakuuona. Kama nimeuchukua kwa bahati mbaya, tafadhali nimpe dereva, anarudi Ngara kesho.

Mwenzenu nilifanya nini? Nilicheka! Shule yetu haikuwahi kutoa hata mtoto mmoja wa sekondari, hata mmoja, na leo atoke binti yake mwenyewe, tena wiki ambazo mimi sipo? Huu ni mtego, nikasema. Anautaka muhuri, basi anamtumia mtoto.

Nikamwambia dereva, "Mwambie nitarudi mwenyewe."

Dereva akanitazama. "Mwalimu, yule mzee alinifuata kwa miguu mpaka Rulenge ili kunipa barua hii. Usimrudishie maneno matupu."

"Nenda na hayo hayo," nikamjibu. Hasira zangu nazo, loo! Akaondoka.

Nilipomaliza kozi nilirudi Ngara na cheti changu nimekikunja vizuri. Sikufika hata shuleni. Nilishushwa kwenye basi nikaambiwa ninatakiwa ofisi ya elimu mara moja.

Ndani nilimkuta Laurenti amekaa kwenye benchi, amekonda, hana viatu, mgambo kasimama pembeni. Mezani ilikuwa fomu ya Venansia. Ilikuwa na muhuri, lakini duara lake limepinda kama yai. Kando yake kikawekwa kipande cha kandambili kilichochongwa kwa wembe.

Siku ya kumi ilipofika, baba wa watu alichonga muhuri wa shule kwa kandambili zake mwenyewe. Karani wa ofisi ya elimu akautambua kuwa si wenyewe. Na wakati ule wa vita, mwenye muhuri wa bandia alikuwa nani kama si mtu wa adui? Walimlaza mahabusu siku kumi na moja, wakimuuliza ni nani aliyemtuma.

Afisa akanigeukia. "Mwalimu mkuu, muhuri wa shule uliuacha wapi?"

Mkoba ulikuwa mapajani pangu. Nikaushika kwa mikono miwili. Nikisema kweli, kiti kimekwenda, na cheti changu cha uongozi bado hakijakunjuliwa! Nikakumbuka daftari jekundu, nikakumbuka katibu na ile pombe.

"Kabatini," nikasema. "Na funguo nilimwachia yeye. Alitia sahihi."

"Anasema alikuandikia barua."

"Haikunifikia. Barabara za vita, afisa."

Laurenti aliinua macho. Hakunitazama usoni, wasomaji... aliutazama mkoba. Aliutazama mpaka nikahisi unaniunguza. Alijua! Nikangoja aseme neno, wafungue, wauone.

Akasema tu, "Mwalimu mkuu mwenyewe anajua." 

Walimfuta ualimu. Nafasi ya Venansia akapewa mtoto mwingine. Mimi niliurudisha muhuri kabatini kwa siri, nikapongezwa kwa uaminifu.

Juma lile lile mke wa Laurenti aliniletea shuleni lile daftari jekundu. Akaliweka mezani kwa mikono miwili, akasema mume wake amesema hili ni mali ya shule. Alipotoka nikalifungua. Makosa yangu hayakuwemo hata moja! Yalikuwemo majina ya watoto wa darasa la saba, na maswali ya hesabu aliyowafundisha kila jioni baada ya vipindi. Ukurasa wa mwisho aliandika kwamba amemwomba katibu wa kata awaombe wazazi watoto wasipelekwe shamba la kijiji jioni, wasome. Chini yake: "Nisimwambie mwalimu mkuu mpaka mmoja afaulu. Atafurahi."

Nililia mpaka kengele ya mchana. Lakini je, nilikwenda kusema kweli? Sikwenda. Nilikalia kiti kile miaka mingine tisa, na kila nilipogonga muhuri kwenye karatasi niliona macho ya mtu akiutazama mkoba wangu.

Mwaka juzi nilikuwa Kabanga nikingoja basi. Mama mmoja muuza dagaa akaniita, "Shikamoo, mwalimu mkuu!" Ni Venansia! Ana wajukuu sasa. Akanifungia mafungu mawili kwenye gazeti kuukuu, akakataa pesa yangu. Akaniambia baba yake alifariki zamani, akilima tu.

Halafu akaniuliza, kwa upole kabisa, "Mwalimu, baba hakupenda kulizungumza. Ule muhuri ulikuwa wapi?"

Mbele yangu alikuwa amesimama mtu mzima mwenzangu, hana hila yoyote. Nikafungua mdomo...

"Kabatini, mwanangu," nikasema.

Mara ya pili! Sikuwa na kiti cha kulinda tena, na bado nilidanganya. Uongo ule ulishakuwa mwili wangu.

Walimu wakuu mnaosoma hapa, nawasihi. Mkiitwa kozi, nendeni, elimu ni nzuri. Lakini muhuri mwachieni mnayemwachia shule. Kama humwamini, mwulize ana kwa ana kilichomo kwenye daftari lake. Mimi ningeuliza siku moja tu, ningesomesha mtoto.

Na wewe Venansia, najua magazeti yanakufikia hapo mezani pako kabla hujafungia dagaa. Likikufikia hili, mwanangu, lisome kwanza. Haukuwa kabatini. Ulikuwa mkobani mwangu, na barua ya baba yako niliipata.