Vyerehani vya Sabaki

"Vyerehani vimevuka daraja," ilisema sauti ya Emily kwenye simu. "Saa sita mchana visifike majini."

Kadii, mpelelezi wake, alielewa fumbo. Bunduki mia mbili ziko kando ya mto Sabaki. Saa sita boti ingezipeleka Tana, wapewe wakulima na wafugaji, pande zote mbili, wauane mpaka ardhi ibaki tupu.

"Na Nimesh?"

"Hapokei simu."

Kadii akaongeza mafuta. Pikipiki yake, Yamaha, ikanguruma.

Nimesh alikuwa na duka la vifaa vya ujenzi Malindi. Aliombwa kuhifadhi makreti yaliyodaiwa kuwa ya vyerehani, akanusa grisi ya silaha, akatoa habari. Kadii alimwahidi kwamba hataguswa.

Saa tano na nusu.

Ghala la mabati lilikuwa kando ya mto. Kadii akachungulia kwenye ufa.

Nimesh alikuwa amefungwa juu ya kreti. Nyuma yake alisimama Brandt, Mzungu aliyeleta mzigo. Kadii aliona mikono yake tu, juu ya bega la Nimesh, ikijaza bunduki. Hakuwa na nafasi ya kufyatua bastola yake, Glock.

"Bunduki hii imepigana Ubelgiji, Baghdad, Burma, Kabul," Brandt alisema. "Majeshi ya nusu ya dunia yameibeba. Utakufa kwa heshima, Mhindi."

"Ungeleta cherehani kweli," Nimesh alisema. "Mke wangu angekushukuru."

Brandt alicheka, akisukuma risasi moja moja. Haraka haraka.

Kadii akakodoa macho.

Kila risasi ya bunduki ile ina ukingo kwenye kitako chake. Ya juu lazima ukingo wake ukae mbele ya ule wa chini. Risasi ya nne ya Brandt ilikaa nyuma. Ya tano ikakaa sawa.

Boliti, komeo la bunduki, ikafungwa.

Ya tano, iliyoingia mwisho, ingetoka kwanza. Ya nne ingekwama.

Risasi moja tu, basi. Na mtutu ulikuwa kisogoni kwa Nimesh.

Kadii akasukuma mlango, akaitupa Glock sakafuni.

"Shikamoo, Mzee Nimesh."

"Marahaba, mwanangu," Nimesh alinong'ona. "Kimbia."

"Na wewe, Brandt, unamwogopa muuza misumari? Mimi ndiye niliyekufuata tangu bandarini."

Mtutu ukahama.

Mlipuko ukatikisa mabati. Bega la kushoto la Kadii likawaka moto. Aliyumba, akaendelea kutembea.

Brandt akavuta boliti, akaisukuma. Ikagoma. Akaipiga kwa kiganja. Ikagoma.

Kadii akaishika bunduki kwa mtutu, akaipokonya, akampiga kwa kitako chake kwenye taya. Brandt akaanguka kati ya makreti.

Polisi walipofika, Nimesh alikuwa akimfunga Kadii bega kwa leso yake.

"Ulijuaje kwamba risasi ya pili haitatoka?"

"Baba alikuwa polisi wa akiba. Walibeba bunduki hizi hizi. Siku wezi wa mifugo walipowavamia, mwenzake aliijaza kwa haraka."

"Baba yako alipona?"

Kadii akaiokota Glock yake sakafuni. Simu ikalia.

"Mzigo?" aliuliza Emily.

"Haukuondoka."

"Nimesh?"

"Mzima."

Akakata. Aliitazama Yamaha, akajaribu mkono wa kushoto, ukakataa kuinuka. Akamwachia polisi mmoja funguo za pikipiki, akashika njia ya darajani kwa miguu, kuelekea Malindi.