Machicha ya Njia Panda

Kaa chini. Weka simu pembeni, unisikilize.

Bibi yangu alikuwa anakohoa damu. Mzee Ouyang, muuza dawa wa mtaani kwetu, kavuta droo zake, kapima kwenye kamizani kadogo: mizizi mitamu ya urukususu, tangawizi, maganda ya chenza makavu, na yale magamba wanayoyavua nyenje.

"Chungu cha udongo, Tiemei, siyo sufuria ya chuma. Chemsha mara mbili, anywe ya moto. Machicha ya dawa kamwage njia panda. Watu wayakanyage, waondoke na ugonjwa."

"Nikisahau je?"

"Shule umekimbia. Na hili nalo ukimbie?"

Nikachemsha. Jua linazama, nikamwaga. Baiskeli zikapita juu yake. Safi.

Asubuhi, machicha yako mlangoni kwetu. Yamepangwa vizuri, kipande kwa kipande. Na bibi hoi kuliko jana.

Siku tatu hivyohivyo.

Ya nne nikamwaga, nikajibanza nyuma ya kibanda cha maandazi ya mvuke.

Kwanza harufu. Urukususu... na udongo mbichi.

Kisha sauti.

Kwaru... kwaru... kwaru...

Kikongwe mmoja kainama, anakwangua machicha kwa kucha. Jamaa wa baiskeli akampitia katikati. Kama moshi.

Nikatoka.

"We! Weka chini hayo!"

"Taratibu, mjukuu wangu," akanong'ona, akinionyesha wapita njia kwa kidole. "Yule ana mimba. Huyu anauza mboga. Uliwauliza kama wanataka kubeba?"

"Bibi yangu anakufa!"

"Na mimi nilikanyaga ya mtu. Hapahapa."

Akapandisha suruali.

Miguu haikuwepo.

Hasira ikanipanda, sijui ilitoka wapi.

"Yarudishe chini. Nakanyaga mwenyewe."

"Mdomo huo!" Akacheka. Akayaachia.

Nikavua viatu.

Yalikuwa yanaunguza kama yametoka jikoni sasa hivi.

Bibi kapona. Anakula uji wa mtama, ananitukana kama zamani. Anayekohoa sasa ni mimi. Mzee Ouyang anasema ni baridi tu imeingia kifuani, kanipimia dawa ileile. Nakunywa. Machicha nayatupa motoni.

Ndiyo maana kikongwe anakuja kila jioni. Anakwaruza mlango, yeye yuleyule aliyewatetea wapita njia.

"Njia panda imejaa watu, mjukuu. Kamwage. Safari hii sitayaokota."

"Toka hapa! Simwagi!"

"Utamwaga. Wote humwaga."

"Mimi siyo wote!"

Namsikia anavuta pumzi chini ya mlango, ananusa.

Leo nimekohoa damu. Mara ya kwanza. Soko linafungwa, watu wanarudi makwao, nawasikia wanacheka huko nje. Chungu chenye machicha hiki hapa mkononi. Moto nao nimeuchochea, uko tayari.

Mimi najua nayatupa wapi.

Wewe je, kifua kinawaka hivi, ungeyapeleka wapi?