Mwendo wa Zubery

Asubuhi ile mwalo wa Kibirizi, gati ya boti za Kigoma, ulikuwa umefurika watu. Boti za Kagunga zilikuwa zinapakia magunia ya unga, wanawake wanageuza dagaa mchangani, makuli wanapigiana kelele za kupishana. Katikati ya vurugu hiyo msichana mmoja mwenye gauni la kitenge cha manjano na raba nyeupe alikuwa amechuchumaa kando ya mtumbwi uliopinduliwa, simu ameielekeza chini. Alikuwa anarekodi miguu ya watu.

"Dada, umepoteza kiatu?"

Aliinua macho. Aliyemuuliza alikuwa kijana mrefu, ovaroli yake ya bluu imelowa oili, begani amebeba injini ya boti kana kwamba amebeba mtoto anayempenda. Goti lake la kushoto halikukunjika. Kila hatua nyonga ilipanda kwanza, mguu ukafuata, kisha mwili mzima ukatua.

"Sijapoteza kitu. Natafuta mwendo," alisema msichana. "Nachora katuni kwa kompyuta. Watu wangu wakitembea wanakuwa kama mashine, basi nimekuja kujifunza kwa watu wenyewe."

"Kama ni mwendo, huu wangu huupati dukani."

"Nikurekodi?"

"Rekodi. Ila nikitokea kwenye TV nataka nionekane mzuri."

Kijana alipita mbele yake mara tatu na injini yake begani, kifua mbele, huku wenzake wakimpigia miluzi. Walipoagana, kila mmoja alikuwa na namba ya mwenzake.

Jina lake Zubery, fundi wa injini za boti, kwao Kasingirima. Alipokuwa na miaka kumi na saba boti iliyokuwa inavutwa nchi kavu iliteleza ikamvunja goti. Tangu hapo alijizoesha kuwa wa kwanza kuutania mguu wake, kabla hajatangulia mtu mwingine.

Msichana aliitwa Kaneza, wa Mwandiga. Bibi yake, Goreth, alivuka ziwa kutoka Burundi mwaka 1972 akiwa na mimba. Ukoo ulishapata uraia zamani, lakini shuleni Kaneza aliitwa mkimbizi. Mwaka 2015, wakimbizi wapya walipojaa Kigoma, jina lile lilimrudia hata sokoni. Sasa ulikuwa mwaka 2016. Mchana Kaneza alihariri video za harusi kwenye studio ya Nuhu pale Mwanga, na kazi ikiisha Nuhu alimwachia kompyuta atengeneze filamu yake.

Zubery alianza kupita studio kila jioni, amejipulizia marashi juu ya harufu ya petroli, mkononi migebuka ya kukaanga imefungwa kwenye gazeti.

"Haya mwalimu," alisema siku moja, akijivutia kiti. "Nifundishe. Haya mambo yalianza lini?"

"Mwanzo watu walichora kwa mkono, karatasi moja baada ya nyingine. Ukizipitisha haraka, picha ishirini na nne kwa sekunde moja, jicho linadanganyika linaona kitu kinatembea. Miaka ya sitini kompyuta ikaanza kuchora mistari tu. Halafu mwaka 1972, Marekani, wanafunzi wakatengeneza mkono wa mtu. Mmoja wao alichukua umbo la mkono wake mwenyewe kwa plasta, akauchora mistari kama wavu, wakapima kila fundo na kuliingiza kwenye kompyuta. Mkono ukafumba vidole."

"Elfu moja mia tisa sabini na mbili," Zubery alirudia. "Si ndio mwaka aliovuka bibi yako?"

Kaneza aligeuka akamtazama. Hakutegemea kwamba alikuwa akimsikiliza kiasi hicho. "Ego," alijibu kwa Kirundi, yaani ndiyo. "Mwaka uleule. Filamu nzima iliyotengenezwa kwa kompyuta tupu ilikuja kutoka 1995."

"Na hii yako?"

Alimwonyesha. Mtu alikuwa wavu mtupu, mistari ya kijani iliyofumwa ikafanya kichwa, mabega na miguu. Ndani yake Kaneza alikuwa ametia mifupa. Akishika mfupa wa paja, wavu wote ulifuata.

"Mimi naweka pozi kuu: hapa mguu umeinuka, hapa umetua. Picha za katikati kompyuta inajaza yenyewe. Tatizo inazijaza sawasawa mno, mtu anakuwa hana uzito. Kazi yangu ni kumpa uzito."

"Na huyu ni nani?"

"Ni mwenye mtumbwi. Mtumbwi uliomleta bibi yangu ulisimama maji yakiwa bado ya kifuani, na tumbo lake lilikuwa la miezi minane. Mwanamume mmoja wa upande huu, aliyekuwa na mtumbwi wake pale mchangani, aliingia majini akambeba mgongoni mpaka mchangani, akarudi kubeba wengine. Bibi hakuwahi kujua jina lake. Nataka watoto wa kambi ya wakimbizi wamwone."

Zubery alimtazama badala ya kutazama kioo. "Kaneza, wewe ni hatari."

"Kula samaki, bwana, watapoa."

Wakapendana. Simu zao ziliisha chaji kila siku kabla ya jua kuzama.

"Uko wapi, mpenzi?"

"Chini ya injini."

"Na mimi niko ndani ya goti la mtu. Halitaki kukunjika."

"Mwambie langu nalo halitaki, tumezoea."

Kaneza alicheka, lakini hakumwambia alichokifanya. Mwenye mtumbwi wake alikuwa amekataa kuwa hai mpaka siku alipoiweka ile video ya Kibirizi pembeni ya kioo na kumchorea mwendo wa Zubery, nyonga kwanza, mguu, kisha mwili kutua. Papo hapo yule mtu akawa na uzito, na mawimbi yakaonekana yanamsukuma kweli. Kaneza alisimama peke yake studio akapiga makofi. Alitaka Zubery aione siku ya kuonyeshwa, iwe zawadi.

Nuhu ndiye aliyeharibu, bila nia mbaya. Alifurahi mno, akarusha kipande kifupi kwenye kundi la WhatsApp. Kilionyesha mtu akitembea mchangani, basi, kabla hajaingia majini. Kesho yake asubuhi vijana wa Kibirizi walipanga mstari nyuma ya Zubery, wote wanachechemea. "Katuni! Katuni!"

Simu ya Kaneza iliita.

"Ni mimi yule?"

"Zubery, nani amekuonyesha?"

"Nimekuuliza, ni mimi?"

"Ndiyo, lakini ngoja nikueleze..."

"Nijitanie mwenyewe ni sawa. Wewe umeuchukua mguu wangu ukawapa watu wauchezee. Nilidhani unanitazama mimi, Kaneza. Kumbe ulikuwa unatazama kilema."

"Si hivyo, mpenzi, nisikilize..."

Simu ilikatika. Alipiga tena, akatuma ujumbe, hakujibiwa. Siku ya tatu alimfuata Kibirizi, Zubery akashika injini na kuiwasha, mlio ukameza maneno yake yote.

Kaneza alirudi studio, akafungua kazi yake na kuunyoosha mwendo wa mwenye mtumbwi, asichechemee tena. Aliihifadhi pembeni kama toleo la pili. Kisha akakaa akimtazama yule mtu mpya anavyoteleza majini kama sanamu ya dukani inayosukumwa na upepo, akalia.

Alikuwa hajafuta machozi vizuri mama mmoja alipoingia, baibui jeusi, pochi ameibana kwapani.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Wewe ndiye Kaneza? Mimi ni Bi Ikram, mama yake Zubery. Nimetoka Kasingirima kuja kukuuliza jambo moja tu. Mwanangu amekukosea nini?"

Kaneza hakujitetea. Alimpa kiti, akaizungusha kompyuta, akamwonyesha filamu yote, ile yenye mguu wa Zubery. Bi Ikram aliona mtumbwi uliojaa watu, mwanamke mwenye tumbo akishikilia ukingo, wote wakiogopa kushuka. Kisha mwanamume anayechechemea akatoka mchangani na kuingia majini. Alimfikia yule mwanamke, akamwinamia, akampandisha mgongoni. Hatua za kurudi zilikuwa nzito, na goti lile halikukunjika hata mara moja, wala mtu hakuanguka.

Ilipoisha Bi Ikram aliibana tena pochi kwapani.

"Tangu avunjike goti," alisema, "nimekuwa nikimfundisha kukaa haraka mbele za watu, wasiuone. Mimi mama yake." Akainuka. "Usiniage, binti. Narudi."

Alirudi kesho yake mchana, na Zubery nyuma yake, uso umekunjamana. Bi Ikram akabaki mlangoni.

"Mama amesema nisiporudi hapa nisile kwake," alisema Zubery. "Haya, onyesha."

Kaneza akaanza na toleo lililonyooshwa. "Hili nimekutengenezea wewe. Ukitaka, ndilo litakaloonyeshwa. Neno lako ni la mwisho."

Zubery aliangalia. Kisha akaangalia la kwanza, mpaka mwisho, pale mwanamke alipofika mchangani na kumshika uso yule mwanamume kwa mikono miwili. Akamgeukia Kaneza.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Niliogopa utakataa. Nilikosea, nisamehe. Lakini sikuchukua kilema, Zubery. Nilimtafuta mtu wa kumbeba bibi yangu, nikaona ni wewe tu ninayekuamini."

Nje pikipiki zilipita. Zubery akavuta kiti karibu, akagusa kioo kwa kidole chenye oili.

"Huyu aliyenyooka angemwangusha," alisema. "Rudisha mguu wangu."

Jumamosi filamu ilionyeshwa Kasingirima, kwenye shuka jeupe lililotundikwa ukutani. Baada ya hapo ingepelekwa kambini. Watu wa Mwandiga walishuka na bibi Goreth, amevaa kitenge kipya na kilemba cha bluu. Vijana wa Kibirizi walikaa mbele, na mwenye mtumbwi alipotokea walianza kucheka. Alipoingia majini kicheko kilipungua. Alipompandisha mwanamke mgongoni hakikuwepo tena. Bibi Goreth aliweka kiganja mdomoni. "Ni we!" alisema kwa Kirundi, ndiye, akarudia tena, sauti ikapanda. "Ni we!"

Bi Ikram alipiga kigelegele, uwanja mzima ukaitikia.

Zubery alisimama. Hakutembea haraka. Alipita mbele ya watu wote, nyonga, mguu, mwili, kivuli chake kikapanda kwenye shuka.

"Mwendo ule ni wangu," alisema. "Na aliyeuchora ni Kaneza wa Mwandiga. Atakayemwita mkimbizi tena aje kwanza anionyeshe alichokitengeneza yeye."

Makofi yalipotulia alimkuta Kaneza kando ya kompyuta, anakunja nyaya.

"Kaneza, nataka kukuoa."

"Hapa hapa? Mbele ya Nuhu?"

"Wewe wa kanisani, mimi wa msikitini. Tutafunga ndoa bomani, halafu wazee wagombane wakiwa wameshashiba pilau."

"Na bibi?"

Bibi Goreth alikuwa ameshafika, amemshika mkono Bi Ikram. Alimtazama Zubery kuanzia kichwani mpaka kwenye goti, bila kuficha macho.

"Mwandiga kuna mlima, mwanangu. Utaupanda?"

"Nitaupanda, bibi."

"Basi njoo kuposa mchana," alisema, "majirani wote wakuone unavyokuja."