Sauti Aliyoiazima Kasuku

Jua lilikuwa linazama Kinyozi alipokwenda kwa mjane wa Kasuku kuchukua mashine yake ya kunyolea. Aliisahau huko siku alipomnyoa marehemu ndevu kwa mara ya mwisho, na wateja hawajui msiba, wanajua foleni.

Njiani alicheka peke yake. Nani angemkumbuka Kasuku asicheke? Shuleni aliigiza kila sauti: mwalimu mkuu, mpishi, hata mbuzi wa jirani. Kinyozi akitoroka, Kasuku alimwitikia jina kwenye mahudhurio, na mwalimu hakushtuka hata siku moja. Walikuwa chanda na pete. Makaburini Kinyozi alilia mpaka akashikwa mabega.

Mjane alifungua mlango nusu.

"Shemeji, ungekuja asubuhi."

"Nachukua mashine tu, shemeji. Sikai."

Mjane akamvuta ndani, akakomea mlango. Sebule ilinuka udongo mbichi... kama wa shimo lililochimbwa leo. Mashine ilikuwa mezani, imeviringishiwa waya wake. Mjane hakumpa.

"Kuna jambo limenikaa rohoni," alinong'ona. "Alipougua, kila magharibi kitu kilimwita kutoka nje. Kwa jina lake kamili. Mwanzo alinyamaza. Kikazidi kusogea, mpaka dirishani."

"Kitu gani?"

"Sikukiona. Nilisikia kikipumua."

Kinyozi alitaka kucheka. Kicheko hakikuja.

"Mwishowe akakijibu. Kwa sauti yako, shemeji. Akasema, 'Mwenye jina hilo hayupo. Nipo mimi.' Akataja jina lako lile la kwenu. 'Nichukue mimi, nimekubali.'"

Kinyozi aliketi bila kukaribishwa.

"Utani huo. Si unamjua mumeo?"

"Alikuwa anatetemeka."

Kitu kile kiliondoka, mjane akaeleza, lakini kila jioni kilirudi kuhakikisha, na kila jioni Kasuku alikijibu vilevile. Wiki nzima. Jioni ya mwisho nyayo zilipofifia, akacheka kwa kuona amekipiga chenga.

"Na kile kicheko, shemeji... kilikuwa chake mwenyewe."

Nyayo zikarudi. Kasuku hakufika asubuhi.

Kikulacho ki nguoni mwako, wahenga hawakukosea. Kinyozi aliona uchungu kuliko hofu. Wiki ile ile alimnyoa bure, akamlisha uji kwa kijiko, na Kasuku akamtazama machoni akimtania kuhusu kitambi, hali amekwisha kumuuza.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Nilikuwa mkewe," mjane alisema, machozi yakimtoka. "Nilitaka apone. Sasa kimemchukua yeye, na ile ahadi yenye jina lako bado ipo."

Nje, mbwa walinyamaza wote kwa pamoja.

Kisha jina likaitwa.

La Kinyozi. Lote, mpaka la babu, ambalo mtaani hakuna alijuaye. Mjane alimziba mdomo kwa viganja vyote viwili, akitikisa kichwa: usiitike, usiitike.

Hakuitika. Alibana meno mpaka taya likauma.

Likaitwa tena. Chini ya dirisha.

Viganja vya mjane vikazidi kumkaza mdomo.

Halafu, kutoka chumba cha ndani, ambako godoro lilikuwa limeshakunjwa na hapakuwa na mtu, kikasikika kikohozi kidogo. Kile anachokohoa Kinyozi kabla ya kusema neno, tangu utotoni. Kisha sauti ya Kinyozi mwenyewe, changamfu kama ile iliyomwitikia mahudhurioni, isiyokosea hata pumzi moja:

"Naam! Niko sebuleni. Ingia tu."