Mikono ya Mchana

Uzi ulikataa kuingia kwenye tundu la sindano. Bi Sindano alijicheka. Miaka yote ya upofu hakukwama hata mara moja, aje akwame leo, katoka hospitali na macho yanayoona hadi vumbi la dirishani?

Alikuwa fundi cherehani, na mtoto wa jicho alipomziba macho yote mawili hakuacha kushona. Alinyoosha tu sindano, mkono ukaipokea na kumrudishia ikiwa na uzi. Mkono huohuo ulimpeleka msalani na kumchana nywele. Ulikuwa wa baridi, wala mwenyewe hakusema neno, lakini mkamwana wake hakuwa mtu wa maneno mengi. Wema ulipomzidia, bibi alizoea kutania: "Sina cha kukulipa, mwanangu. Chukua haya macho basi, mimi sina kazi nayo."

Kilichompeleka kwa daktari ni mjukuu, binti aliyezaliwa yeye akiwa gizani. Alitaka kumwona uso kabla hajafa. Bandeji ilipofunguliwa akamwona: mashavu ya babu yake, pengo mbele, kucheka tu. Bi Sindano alilia mpaka nesi akamkanya asiharibu kazi ya watu.

Sasa alimwita mkamwana amtilie uzi kama zamani.

"Zamani lini, mama?" mkamwana aliuliza. "Mimi mchana nashinda kazini. Nilijua unatia mwenyewe, nikawa nakusifia kwa watu."

"Na nywele? Nani alikuwa ananichana?"

Mkamwana alimtazama, akashusha sauti. "Mama, usiseme hivyo mbele ya mtoto."

Kesho yake mkamwana akaenda kazini, bibi akabaki na mjukuu aliyelala kitandani. Jua lilijaa chumbani. Harufu ilitangulia, ya nguo zilizokunjwa kabla hazijakauka, harufu aliyoishi nayo miaka yote akidhani ni sabuni mbaya, kisha gurudumu la cherehani likazunguka lenyewe, polepole, na nyuma yake ikatokea mikono mirefu isiyo na kucha, ikamshika kidevu kwa upole uleule wa kumchana, naye akaukumbuka utani wake neno kwa neno, akataka kuufuta, lakini vidole vikapanda mashavuni taratibu mpaka vikafika machoni.

Mkamwana alirudi akamkuta akipapasa ukuta.

Daktari alimulika, akaridhika. Macho mazima, alisema, operesheni imefana. Mganga aliyeletwa nyumbani hakufungua hata mkoba wake.

"Jini huyu hakuiba," alimnong'oneza mkamwana. "Alipewa. Cha kupewa siwezi kumnyang'anya."

Jioni ile Bi Sindano alikuwa amekaa kibarazani alipoanza kuona. Hakuona kibaraza. Alikiona chumba kutokea juu, usawa wa dari, kisha kitanda, kisha mjukuu wake usingizini, na ule uso alioulilia ukasogea karibu, karibu zaidi, mpaka angeweza kuhesabu kope. Halafu mikono mirefu ikaingia, mmoja huku, mmoja huku, ikaushika uso ule kidevuni.

Alipiga yowe. Mkamwana alikimbilia chumbani, akarudi akihema, akamwambia mtoto amelala vizuri, hakuna mtu, atulie.

Bi Sindano alifumba macho. Akaendelea kuona.