Sahani ya Mgeni

Siku Kassian alipokutana na Anastazia, mtaa wa soko la nguo wa Shisanhang, huko Uchina, ulikuwa umefurika watu na marobota ya nguo, naye alikuwa amekwama mbele ya muuza jinzi. Kila alichouliza, mama yule wa Kichina alimjibu meiyou, hakuna, na jinzi zimejaa nyuma yake. Ndipo akasogea mtu mrefu mwenye gauni la kijani, viatu vipya vikimbana, akasema maneno mawili matatu ya Kichina kilichonyooka. Mama akacheka, akateremsha jinzi.

"Asante sana, dada," alisema Kassian.

Ilikuwa Jumatatu ya Oktoba 1998, na Anastazia hakuwahi kutoka mchana na gauni kabla ya siku hiyo. Neno lile lilimfurahisha mpaka machozi yakamlengalenga, lakini hakutaka kulichukua kwa uongo. Alimweleza palepale kwamba ofisini kwao, kwa Marijani wakala wa mizigo kule mtaa wa Yide Lu, wamemjua miaka miwili kama mwanamume aitwaye Emmanueli. Alimwambia hajawahi kuwa huyo ndani ya nafsi yake, na kwamba asubuhi hiyo alikuwa njiani kwenda kuwaambia.

Kassian, mfanyabiashara wa Songea asiyejua kuficha anachofikiri, alimtazama juu mpaka chini. Alikiri kwamba jambo kama hilo hajawahi kukutana nalo.

"Lakini mimi nimemwona dada," alisema. "Nikitaka kukupigia simu, nimuulize nani?"

"Anastazia."

"Basi nitamuuliza Anastazia."

Marijani hakumfukuza. Angemfukuzaje, na hakuna mwingine aliyeweza kuelewana kwa Kichina na watu wa bandari ya Huangpu? Lakini zipo njia nyingi za kumfukuza mtu ukamwacha kwenye kiti chake. Wateja waliozoea kumpa mkono walianza kumpungia kwa mbali. Sufian, mtani wake wa kila siku, alihamisha meza. Bosi naye aliendelea kumwita Emmanueli, tena kwa sauti kubwa kuliko zamani.

Lililomuuma zaidi ni chakula. Pale ofisini, kama kwa akina Marijani huko Unguja, watu walikula sinia moja: wanaume kwenye mkeka wa mbele, na nyuma ya pazia Swalha, mke wa bosi, pamoja na Bimkubwa, mpishi. Siku ya pili Anastazia alikuta amepakuliwa sahani yake peke yake, imewekwa juu ya stuli kando ya mlango. Wanaume hawakumtaka tena, na wanawake hawakumkaribisha. Alikula kwa sababu alikuwa na njaa.

Faraja yake ilikuwa Kassian. Alimpigia kila siku saa nne, akimwita mrembo wa Yide Lu, akimwuliza kama bado ananuka dagaa wakavu wa mtaa ule. Anastazia alimjibu kwamba anayenuka ni yeye, jinzi mpya na jasho. Jioni walikula tambi kando ya mto na kucheka mpaka watu wakageuka kuwatazama. Walipendana, hapana haja ya kuzunguka.

Wiki ya tatu Kassian alipita ofisini mchana. Wanaume walimkaribisha mkekani, akanawa, akakaa. Alipoiona ile sahani juu ya stuli, alitabasamu kwa dhati.

"Naona umepandishwa cheo, Anastazia. Sahani yako mwenyewe."

Mkeka mzima ulicheka, na Kassian, akidhani utani wake umekolea, akacheka nao. Anastazia aliinuka, akashuka ngazi. Kassian alipomfuata, aliambiwa arudi akale na wenzake, na asimtafute tena.

Siku tisa zikapita bila simu. Anastazia alijiambia liwalo na liwe, akapaka rangi ya mdomo, akaenda kazini na kichwa juu. Siku ya kumi Bimkubwa alimvuta kando ya jiko. Alimwambia kwamba bosi ameihamishia simu mezani kwake, na kwamba kila saa nne mtu wa Songea humuulizia Anastazia. Bosi humjibu kwa kunong'ona kwamba hakuna mtu huyo, amtaje Emmanueli apewe.

"Na yeye hakubali," alisema Bimkubwa. "Anakata, kesho anapiga tena."

Anastazia alikimbilia simu ya duka la jirani, akapiga hoteli ya Kassian.

"Nani mwenzangu?"

"Yule unayemuulizia kila siku."

Kassian alishusha pumzi. "Mpenzi, nilikukosea nini?"

"Ulinicheka kwa ile sahani."

"Kwetu anayepewa sahani yake ni mtu wa heshima. Mgeni mkubwa."

"Hata kwa akina Marijani ni hivyo, Kassian. Sahani ni ya mgeni. Mimi si mgeni pale."

Hapo ndipo alipoelewa, na aibu ikamshika. Aliomba radhi, tena na tena. Kisha akamtaka aache kazi ile, wakaishi Songea kama mume na mke.

"Padri wenu hatatufungisha ndoa," alisema Anastazia.

"Tutakaa bila padri."

"Nitakuja. Lakini siondoki pale kama mtu aliyefukuzwa. Njoo kesho mchana, na usile nao."

Kesho yake Kassian alisimama mlangoni, akakataa mkeka. Anastazia aliichukua sahani yake kutoka kwenye stuli, akapita katikati ya wanaume, akafungua pazia. Alimimina wali wake wote kwenye sinia la wanawake, akaketi, akakunja gauni magotini. Swalha aliinuka, akatoka. Bimkubwa alisogeza goti, akamwambia anawe, wali unapoa.

Huku mbele simu ililia. Ilikuwa Huangpu, na Marijani alisikiliza Kichina asichokielewa, jasho likimtoka.

"Emmanueli, simu."

Wanaume waliacha kutafuna.

"Emmanueli!"

Nyuma ya pazia alisikika Bimkubwa akiomba pilipili. Marijani alimtazama Kassian pale mlangoni, kisha akaitazama simu.

"Anastazia," alisema.

"Nakula, bosi," alijibu Anastazia. "Waambie wangoje."