Gauni la Mwimbaji

Gauni lilikuwa limelowa jasho kwapani. Mshonaji wa makumbusho aliligusa, akanusa vidole, akadhani pua inamdanganya. Mwenye gauni lile, mwimbaji wa zamani wa jukwaani, alifariki kabla mshonaji hajazaliwa, na kabati la kioo lilikuwa na kufuli.

Makumbusho ile ilihifadhi mambo ya maigizo na muziki: magauni, mabango ya maonyesho, ukumbi mdogo wenye jukwaa, na maktaba ya santuri iliyosimamiwa na mdogo wa kike wa mshonaji. Huyo mdogo mtu alikuwa na mdomo. Aliwachekesha wageni mpaka wakasahau kuondoka. Wiki ile sauti ikaanza kumkauka. Hospitali hawakuona kitu. Kisha ikapotea kabisa, na mchana huohuo mshonaji akaisikia ikiimba ndani ya kabati la gauni, ilhali mdogo wake mwenyewe amesimama mlangoni, kinywa wazi, machozi yanamtiririka.

Wakamwita mganga. Alinusa chumba tu, akarudi kizingitini.

"Ni jini la kike," alinong'ona. "Lilikuwa likiimba kwa koo la yule marehemu. Sasa limepata jingine. Msilichokoze."

"Na mdogo wangu?"

"Atazoea."

"Basi nenda salama, mzee," mshonaji akasema. "Mimi sizoei."

Akafungua kabati, akalilaza gauni mezani, akaanza kufumua mshono wa bega, ili jini likose pa kukaa. Uzi wa kwanza ulipokatika taa zilififia, harufu ya nywele zinazoungua ikajaa chumbani, gramafoni za maonyesho zikaanza kuzunguka zenyewe, na ile sauti ya mdogo wake ikamsihi, "Dada, unaniumiza, dada, acha," nyembamba, ya kitoto, kama alivyokuwa akilia zamani akisukwa nywele, hata mshonaji akainua macho kumtazama mdogo wake wa kweli aliyejikunyata ukutani akishika koo, naye akamtikisia kichwa: usiache.

"Lia tu," mshonaji akaliambia gauni. "Mwenye sauti hiyo tumenyonya ziwa moja. Simgawi."

Akafumua mikono, kiuno, pindo. Mshono wa mwisho ulipoachia, kitu chenye joto kama pumzi kilimpita shavuni, kikatoka na kuubamiza mlango. Mezani vikabaki vipande vya kitambaa.

"Dada," mdogo akasema kwa sauti ya kukwaruza, "mkurugenzi atatuua."

Wakacheka mpaka wakakaa chini.

Jioni, wakifunga milango, walisikia mtu akikohoa kwenye jukwaa tupu, taratibu, kama msanii anayesafisha koo kabla ya kuanza. Mdogo akamshika dada yake mkono. Mshonaji hakukimbia. Aliingia naye ukumbini, akaketi kiti cha mbele kabisa, akakunja mikono.

"Imba kwa koo lako mwenyewe," akasema. "Tukusikie."

Jukwaani kikatoka kikohozi tu, wimbo haukuja. Kisha, nyuma yao, viti vitupu vikaanza kujikunja kimoja kimoja, kama hadhira inayoinuka kuondoka.